London ya Saa Kumi na Dakika Kumi

Wadogo zangu mnaopiga picha kwa simu, mkamfutia mtu ukuta wa nyuma kwa kidole na kumwekea Dubai, kaeni niwaambie kitu. Mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na mbili na mtoto wa darasa la pili, na nimestaafu kazi ya studio niliyoifanya miaka kumi na mmoja, tangu nilipomaliza kidato cha nne na cheti ambacho hata mama yangu hakukitoa kwenye bahasha mara ya pili. Kustaafu si mvi. Ni kuijua kazi mpaka ikakuchosha, halafu ikakufuata nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka watu Ulaya. Hawakuhitaji pasipoti wala ndege. Walivuka mlango wa studio pale Lizaboni, hapa Songea, mkono wa kushoto kulikuwa na kioo na kitana cha wote, mbele kulikuwa na stuli, na nyuma ya stuli kulikuwa na Ulaya. Nawaandikia haya kwa sababu mwanamume aliyenizalisha alinitumia picha akiwa London, na hiyo London nilikuwa naipangusa vumbi mimi kila Jumatatu. Mtoto wangu akaamini. Mimi nilijua, nikakaa kimya. Hilo la kukaa kimya ndilo linaloniwasha mpaka leo, na nitafika huko. Kwanza kazi.

Mwenye studio tulimwita Mzee Lenzi. Jina lake la ubatizo alilijua yeye na padri. Alikuwa na mapazia sita yaliyochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha marekani, kwa hiyo ukitaka kusema kweli, hata London yetu ilikuwa imekalia marekani. Kulikuwa na mnara wa Paris, mapiramidi, Ukuta wa China, Taj Mahal, yule mama wa New York aliyeshika mwenge, na London. Mteja hakutaja hata jina moja kati ya hayo. Aliingia, akafuta jasho, akasema, “Nipige Ulaya.” Mapiramidi yalikuwa Ulaya. China ilikuwa Ulaya. Nilipoanza kazi nilijitia mwalimu, nikamwambia mama mmoja aliyechagua mapiramidi kwamba Misri iko Afrika hapahapa. Akashuka kwenye stuli, akamgeukia Mzee Lenzi akamuuliza kwa nini anamtoa Afrika na kumrudisha Afrika, yeye anataka ile nyingine. Mzee Lenzi alinivuta pembeni akaniambia jiografia nikaifundishe shule, hapa tunapiga picha.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na elimu yake kuhusu hivi vitu maarufu vya dunia, na mpaka leo sijasikia ya mtalii yeyote inayoizidi. Alikuwa anasema jengo haliwi maarufu kwa uzuri. Linakuwa maarufu kama mteja mnene akiliziba nusu nzima kwa mabega yake, na bado watu wa nyumbani wakaijua picha. Alikuwa ananipima. Anaziba pazia kwa khanga, anaacha kipande, ananiuliza hii nini. Mguu mmoja wa chuma: Paris. Pembe moja ya mchanga: Misri. Uso wa saa: London. “Sasa nenda kazibe nusu ya ofisi yoyote hapa mjini,” alisema, “uone kama hata karani wake ataijua.”

La pili alilonifundisha ni kwamba kitu maarufu lazima kiwe hakina kazi ya maana. Milimani kwetu Matogoro kuna minara ya simu, chuma kilekile, urefu wa kutosha, mandhari nyuma yake inapendeza kuliko mji wowote, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuomba apigwe nayo. Kwa nini? Kwa sababu inafanya kazi. Mtandao ukikatika tunaitukana. Ule wa Paris umesimama tu, haumdai mtu, haumwangushi mtu, basi dunia nzima inaupenda. Nimewaona wanaume wa aina hiyo pia, lakini tuendelee.

La tatu ndilo lenye meno. Mzee Lenzi alisema mtu hasafiri kwenda kuona kitu. Anasafiri kwenda kuhakikisha kwamba kiko vilevile kama alivyokiona kwenye kalenda, na kikiwa tofauti anakasirika. Ndiyo maana wageni wanatoka mbali, wamejipaka mafuta ya jua, wanakuja kusimama kwa adabu kwenye makumbusho yetu ya mashujaa wa Majimaji, na sisi ambao mababu zetu ndio waliokufa tunapita pale na mikungu ya ndizi kichwani, haraka, tuwahi Lizaboni kupiga picha na saa ya Waingereza.

Wateja walikuwa na vituko, lakini sikuwacheka wote kwa haki. Mama mmoja, mjumbe wa mtaa, mtu wa mikutano, alimtazama yule mama wa New York kwa muda mrefu halafu akauliza huu Mwenge wa Uhuru ulipita lini, mbona yeye hakuitwa kwenye mapokezi. Nikamwambia uko Amerika. Akauliza tena, kama Mwenge unakimbizwa, huyu amesimama anafanya nini. Mzee Lenzi akawahi kumjibu, “Amepumzika, mama. Njia ni ndefu.” Mama akakaa, akanyoosha mkono juu kama mwenzake, na picha ikatoka nzuri.

Kuna mzee wa Kiyao kutoka upande wa Tunduru, alikuja baada ya msimu wa korosho, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Akaomba ule msikiti mweupe. Na mimi mjuaji nikamwambia huo si msikiti, mzee, ni kaburi la mke wa mfalme. Akainuka taratibu, akavua miwani, akasema inna lillahi. Kisha akaniambia, “Sasa binti, ulitaka nicheke makaburini?” Nilitamani sakafu inimeze. Nilidhani nimempoteza mteja, kumbe alivaa miwani yake, akainua viganja akamwombea marehemu dua, na Mzee Lenzi akabonyeza hapohapo. Ndiyo picha bora tuliyowahi kupiga kwenye lile pazia. Ni mtu mmoja tu kati ya wote waliopita pale aliyekumbuka kwamba lile jengo lina mtu ndani.

Sasa ufundi, maana hamna mtu wa kuwaambia. Pazia halikunjwi, linaviringishwa. Ukilikunja, mnara unavunjika magoti, na mkunjo huo hautoki kwa pasi wala kwa maombi. Mteja msimamishe hatua mbili mbele ya pazia na mwanga utokee ubavuni. Mwaka wangu wa kwanza nilimbana kijana mmoja na pazia kama namficha, nikawasha taa mbele, na picha ilipotoka kivuli chake kilikuwa juu ya mawingu ya Paris, kina masikio. Mama yake alisema mwanawe anaonekana kama mzimu unamtafuta. Na miguu usiipige. Miguu ndiyo inayosema ukweli. Uso wa mtu unaweza kufika Ulaya, ukabeba hata baridi ya huko, lakini miguu inabaki kwenye saruji ya Lizaboni, na pembeni yake kipo kizibo cha soda.

Tuje London.

London aliichora Fundi Zeno, mchoraji wa mabango ya saluni na bucha, mkono hodari, ila ng'ombe wake wote walikuwa wanatabasamu. Mzee Lenzi alimpa kalenda ya zamani yenye ule mnara wa saa wa kando ya mto. Kwenye kalenda mishale ya saa ilikuwa imefutika kwa kushikwashikwa, kwa hiyo akamwambia aweke saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa sababu mwanga wa saa nne haumchukii mtu. Zeno akachora anga la asubuhi, jua linachungulia, mto, na daraja ambalo hata kwenye kalenda halikuwepo. Halafu mshale mfupi akauelekeza kwenye tarakimu ya nne.

Kosa mmeliona? Saa nne asubuhi mshale mfupi unakaa kwenye kumi. Ukikaa kwenye nne, hiyo ni saa kumi, na mtoto wa shule anajua. Mzee Lenzi alishika kiuno.

“Zeno, hii ni saa kumi.”

“Kwetu ndiyo saa kumi, mzee. Hii saa ya kwao. Mzungu akisema nne, ni nne.”

“Mzungu ndiye atakayekaa kwenye hii stuli?”

Zeno alisema hata hivyo rangi imeshakauka. Basi London yetu ikabaki hivyo, jua linachomoza na saa inasema saa kumi na dakika kumi alasiri. Miaka yote ile ni mwalimu mmoja tu aliyeligundua. Mzee Lenzi akamwambia nchi za baridi jua linachelewa kuamka. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake. Nalionea huruma darasa lake.

Simu zenu zilipokuja, wateja wakapungua mpaka wakabaki wa pasipoti saizi, na macho ya Mzee Lenzi nayo yakaanza ukungu. Akafunga. Mapazia yakatawanyika. Mapiramidi yalikwenda Mbinga. Ukuta wa China ulikwenda Namtumbo, nasikia wanauanikia mahindi, angalau sasa una faida. London ilinunuliwa na bwana mmoja wa Nalasi, huko Tunduru kwenye mikorosho, alikuwa anafungua studio. Niliiviringisha mwenyewe kwenye bomba la plastiki, nikaivalisha gunia, nikaandika juu kwa kalamu nene: NALASI. Nikailaza juu ya basi kama maiti.

Mwaka huohuo Batho akaondoka.

Batho ni baba wa binti yangu, Dita. Fundi umeme wa majumbani, mrefu, ana maneno ya kumchekesha hata mtu mwenye jino bovu. Alishaleta barua ya posa kwetu, na mama yake, Bibi Skola wa Ruhuwiko, alikuwa ananiita mkwe mbele za watu. Dita alikuwa na miaka mitano. Batho akasema amepata mtu wa kumpeleka London, kazi za hotelini, ataanzia Dar es Salaam. Tulimsindikiza stendi na keki ya mkate. Baada ya miezi saba ikaja picha.

Alikuwa amevaa koti la ngozi na miwani ya jua, mkono mmoja mfukoni. Nyuma yake mnara wa saa. Jua linachomoza. Saa kumi na dakika kumi. Na chini kushoto, katikati ya mto, kulikuwa na kiraka nilichokishona kwa mkono wangu siku panya alipotoboa maji.

Mtaniuliza, kwani Batho hakulijua lile pazia? Alikuja studio mara nyingi kuliko wateja wa kulipa. Lakini alikuwa ananitazama mimi. Hilo ndilo neno zuri pekee nililobakiwa nalo la kumsemea, na nalisema nikiwa nimenuna.

Nilicheka kwanza. Nikajiambia kesho nitampigia nimtukane vizuri. Kumbe Bibi Skola naye ametumiwa, ameshatoka barabarani anapiga vigelegele, majirani wamejaa. Dita amebebwa juujuu. Jumapili ile kwenye jumuiya nikapewa kiti chenye mgongo, mimi ambaye siku zote nilikalia benchi la pembeni, na mwenyekiti akaomba tumkumbuke ndugu yetu aliye ughaibuni. Nikasema amina. Sauti ilitoka yenyewe. Wiki iliyofuata nikakaa tena kwenye kiti kile. Yaani mimi niliyewacheka watu miaka kumi na mmoja, nikapanda mwenyewe kwenye stuli nikainua kidevu.

Picha ya pili ikaja, shati la kijani. Ya tatu, tai. Miezi mingi katikati yake, na zote saa kumi na dakika kumi. Alipokuwa anapiga simu alikuwa anaongea kwa haraka, kazi nyingi, bosi mkali. Siku moja nyuma yake nikasikia adhana, na baada ya adhana jogoo.

“Huko kuna majogoo?”

“Wazungu wanafuga sana, Mama Dita.”

Nikamwambia awasalimie. Bibi Skola alizichapisha zote tatu, akazitia fremu, akazipanga ukutani sebuleni juu ya redio, na mgeni hakupewa chai kabla hajazitazama.

Halafu, mwaka huu, darasa la pili wakafundishwa kusoma saa.

Dita akitoka shule anapitia kwa bibi yake. Siku hiyo nilimkuta amepanda juu ya kigoda, kidole kwenye kioo cha fremu, anasoma kwa sauti kama yuko ubaoni. Hii saa kumi na dakika kumi. Hii saa kumi na dakika kumi. Hii saa kumi na dakika kumi. Akamuuliza bibi yake kwa nini. Bibi Skola hakukwama hata kidogo, alimwambia Ulaya kuna utaratibu, kila mtu ana saa yake ya kupigwa picha. Mimi nilisimama mlangoni, fundi wa mapazia, sikusema neno.

Kama angeishia hapo labda ningekuwa bado niko kwenye kiti changu chenye mgongo. Lakini mtoto akikosa jibu analitengeneza. Baada ya siku chache nilikuwa natoka bombani, nikamsikia nyuma ya nyumba anaongea na mwenzake wa jirani. Mwenzake alikuwa anamtania kwamba baba yake amemsahau. Dita hakulia. Alimweleza taratibu, kama mwalimu.

“Hajanisahau. Huko aliko saa haitembei. Ikianza kutembea atakuja.”

Niliitua ndoo chini. Wadogo zangu, nimewahi kukasirika maishani mwangu, nimekasirikia wateja, nimekasirikia Mungu, lakini hasira ile sikuijua. Na nusu yake ilikuwa yangu. Batho alituma picha, lakini mimi ndiye niliyemwacha mtoto amsubiri baba yake mpaka rangi ya mafuta isogee.

Nilianza na Bibi Skola. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia mama, hii si London, hili ni pazia letu la Lizaboni na liko Nalasi. Akaniambia nina wivu, wenzangu wanafurahi waume zao wakiendelea. Nikateremsha fremu, nikamwonyesha kiraka, nikamtajia hata rangi ya uzi. Akakitazama. Akapangusa kioo kwa ncha ya khanga, akairudisha fremu ukutani, akainyoosha ikae sawa.

“Kwani mito ya Ulaya haina viraka?” akasema. “Mwachie mtoto baba yake.”

Bibi Skola si mjinga. Nilipokuwa navaa viatu nilimwona amekirudia kile kiraka, amesogeza uso karibu mpaka pua inagusa kioo. Nilielewa kwamba amejua, na kwamba ameamua. Mimi sikuweza kuamua hivyo. Kama Dita ana baba, basi awe na yule mwenye jasho.

Likizo ya mwezi wa sita nikamwambia tunakwenda kwa baba. Sikumwambia wapi. Akavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu amesoma London ni baridi. Songea mwezi wa sita sweta mbili si kichekesho, lakini tulipofika Tunduru jua lilikuwa linapasua, mtoto anatiririka. Nikamwambia avue. Akakataa.

“Bado hatujafika,” alisema.

Tukachukua pikipiki hadi Nalasi. Studio haikunipa shida kuipata, iko karibu na mashine ya kusaga, ina picha za wateja dirishani. Dita nikamwacha nje kwa mama mmoja wa maandazi, nikaingia peke yangu. Na ikawa kama kukutana na ndugu. London ilining'inia ukutani, imefifia, mnara umepigwa mkunjo katikati kwa sababu yule bwana alikuwa anaikunja. Nilimsalimia, na kabla sijajitambulisha nikamwambia aiviringishe, asiikunje. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfungashia. Akafurahi, akanipa kiti, akaniita dada. Nikamuuliza kama anamjua Batho.

“Batho wa salfa? Huyo mteja wangu. Akija na nguo nzuri najua anataka ya kutuma kwao.” Kisha akapunguza sauti. “Wewe ndiye kwao?”

Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye kwao. Akatoka nje akanionyesha njia ya shambani, nikamchukua Dita.

Salfa ni ile dawa ya unga wa njano wanayoipulizia mikorosho msimu huu. Mpuliziaji anabeba mashine mgongoni, inanguruma, na unga unamrudia mwenyewe. Tulimkuta kwenye kibanda pembeni ya shamba, ndiyo kwanza anaitua mashine. Alikuwa wa njano kuanzia nywele hadi viatu, kope za njano, macho mekundu. Amekonda. Koti la ngozi silijui alikuwa analiazima kwa nani.

Aliniona mimi kwanza. Halafu akamwona Dita ndani ya sweta zake mbili, na akageuka kama mtu anayetafuta mlango, lakini kibanda kile kilikuwa nguzo nne na bati.

“Shikamoo baba,” Dita akasema.

“Marahaba,” akajibu. Akaanza kujipangusa kwa kitambaa, unga ukazidi kuruka. Akaniambia tumsubiri kidogo akaoge abadili nguo. Nikamwambia hapana. Akasogea karibu, akanong'ona yule mtu wa Dar es Salaam alimkimbia, alibaki hana mbele wala nyuma, rafiki yake akamleta huku kwa msimu mmoja, msimu ukazaa msimu.

“Ningerudi na nini, Mama Dita?”

“Na miguu.”

Akainamisha kichwa. Akauliza kama nimemwambia mtoto. Nikasema nimemwambia tunakuja kwa baba yake, basi, mengine amwambie yeye.

Dita alikuwa akitutazama muda wote huo. Aliangalia mikorosho, akaangalia mashine, akaangalia kule tulikotoka. Alikuwa anatafuta kitu, na mimi nilijua ni nini.

“Baba,” akasema, “hapa ndiyo London?”

Batho akanitazama. Nawajua watu wanaotazama hivyo. Miaka kumi na mmoja nimewaona kwenye stuli, hawajui mikono waiweke wapi, wanamngojea mpiga picha awaambie inua kidevu, funga mdomo, tabasamu kidogo, hapo hapo. Na mimi nilikuwa nawaambia, ndiyo ilikuwa kazi yangu, sikuwahi kumwacha mteja akiaibika. Siku hiyo sikumwambia kitu.

Kisha akachuchumaa, usawa wa mtoto.

“Hapa ni Nalasi, mwanangu. Sijawahi kufika London.”

Dita akafikiri. Akavua sweta ya juu, akanipa. Akavua na ya pili, akanipa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa nimeshika leso.

“Kumbe ni karibu,” akasema. “Sasa mbona ulikuwa huji?”

Batho akanitazama tena. Kulikuwa na gunia la salfa pale kibandani. Nikalikalia, nikaweka sweta mbili mapajani, nikakunja mikono, nikamngojea ajibu. Gari la kurudi Tunduru lilikuwa kesho yake asubuhi. Muda tulikuwa nao.